Kwenye jo ya Kijapani mwalimu mwenye upanga anashindwa na mwanafunzi mwenye fimbo kila siku. Kwa nini?

Mtemi wa Kando (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Niko Fukuoka kimasomo, na jioni nahudhuria dojo (ukumbi wa mazoezi) inayofundisha Shinto Muso-ryu, sanaa ya zamani ya fimbo iitwayo jo. Fimbo yenyewe ni ya mti mgumu wa kashi, urefu sentimeta 128, unene sentimeta 2.4, haina chuma wala makali popote. Upande wa pili anasimama mtu mwenye bokuto, upanga wa mti.

Sasa kinachonisumbua ni hiki. Hakuna kupigana kwa kubahatisha. Tunafanya kata tu, yaani mapigo yaliyopangwa ya watu wawili, na kata zote mwenye upanga ndiye anayeanza kushambulia na ndiye anayeshindwa. Huyo anaitwa uchidachi. Mshindi ni shidachi, mwenye jo. Ajabu ni kwamba uchidachi huwa mwalimu au mkongwe wa dojo, na shidachi ndio sisi tuliokuja jana. Mwalimu wetu kichwa kizima ni mvi, ameshika fimbo hii tangu ujana wake, lakini kila jioni namgonga kifundo cha mkono, namwangusha upanga, namalizia kwa kumwelekezea fimbo katikati ya macho naye anarudi nyuma taratibu. Mimi ambaye hata hakama, ile suruali pana ya mazoezi, sijajua kuifunga!

Nilimuuliza kwa nini iwe hivyo. Akaniambia nirudie hikiotoshi, lile pigo la kuufagia upanga chini kwa fimbo.

Mawazo yangu: ni adabu ya Kijapani tu. Mwalimu anamtia mwanafunzi moyo asije akakimbia. Wajuzi karibuni.

Kipa Mstaafu
Hayo si mapigano mkuu, ni maigizo. Penalti ambayo kipa na mpigaji wamekubaliana usiku kwamba ataruka kushoto. Weka mtu mwenye upanga wa kweli na mtu mwenye mpini, halafu niambie hela yako unaiweka kwa nani.

Ngoma Droo
Natandika mkeka hapa hapa. Mleta uzi, ukishamaliza kumshinda babu wa watu, pita Manzese kidogo.

Dada wa Leipzig
Nimefanya jo Ujerumani kwa miaka kadhaa, niseme ninachokijua. Mtemi, hakuna anayekutia moyo. Uchidachi ndiye anayeshika umbali na wakati. Yeye ndiye anayeamua lini anaingia, kutoka hatua gani, na upanga unafika wapi. Akikata hewa sentimeta 20 mbele ya pua yako, utajifunza kukwepa upanga ambao usingekupata hata ungesimama kama mlingoti. Akikata kweli, na wewe ukagandishwa na woga, lazima awe na uwezo wa kuusimamisha juu ya paji lako la uso. Mtu mpya hawezi yote mawili. Ndiyo maana upande ule anapewa mkongwe.

Nina ushahidi wa kidole. Klabu yetu wakongwe ni wachache, basi siku moja nikapangwa na bwana mmoja mpya kama mimi, yeye ashike bokuto. Huyu bwana alikuwa hapendi kushindwa hata kwa kupangiwa. Kwa kuwa kata anaijua, badala ya kukata kichwa changu pale kilipo, akawa anakata pale kitakapokuwa. Nami nikabadilisha ili nisipigwe, naye akabadilisha zaidi. Mwisho wake jo ilitua kwenye kidole chake na ukucha ukaondoka. Mwalimu hakumkemea mwenye jo. Alimkemea mwenye upanga.

Karatasi Nyeupe
Dada ameeleza mazoezi vizuri, ila mimi natafuta chanzo, na chanzo kiko kwenye historia. Mwanzilishi ni Muso Gonnosuke, mtu wa mwanzoni mwa karne ya 17. Alipambana na Miyamoto Musashi, yule mpiga upanga maarufu kuliko wote Japani, akashindwa. Simulizi za ryu, yaani shule yenyewe, zinasema baada ya hapo alipanda mlima Homan, hapo hapo karibu na alipo mleta uzi, akafunga na kuomba kwenye hekalu la Kamado, akapata maono usingizini, akashuka na wazo la jo. Baadaye akawa mwalimu katika himaya ya ukoo wa Kuroda, watawala wa Fukuoka, na sanaa ikafungiwa mle ndani kwa vizazi vingi.

Sasa jiulizeni: ryu iliyozaliwa na kipigo cha upanga ingetunga kata gani? Kila kata ni jibu kwa Musashi. Kila shule hujitungia ushindi wa silaha yake. Hakuna fumbo hapo.

Mjuaji wa Mtaa
Nyongeza. Gonnosuke alikuwa mwanafunzi wa Musashi mwenyewe, ndipo akamgeuka na kumshinda kwa bo.

Karatasi Nyeupe
Mjuaji, umeweka makosa matatu kwenye sentensi moja, hongera. Hakuwa mwanafunzi wa Musashi. Mapokeo yanasema alitokea Katori Shinto-ryu. Pambano la kwanza alitumia upanga mrefu wa mti, si fimbo. Pambano la pili, lile la kulipiza, linasimuliwa na watu wa jo wenyewe. Wa upande wa Musashi hawalitambui. Na bo ni fimbo ya kama sentimeta 180. Mtemi amekuandikia 128 pale juu.

Mjuaji wa Mtaa
Sentimeta 50 tu mnagombana? Haya.

Kendo na Chai
Karatasi, hoja yako ya kila shule kujipendelea ina tundu. Kwenye kendo, mchezo wa upanga wa Kijapani, tuna Nihon Kendo Kata, zilitangazwa 1912, ziko 10: saba za upanga mrefu na tatu za upanga mfupi. Zile saba wote wawili wana silaha ile ile. Na bado uchidachi ni mkubwa, na bado anashindwa. Nani anampendelea nani hapo, upanga dhidi ya upanga?

Karatasi Nyeupe
Hao wa 1912 walikuwa kamati, walikusanya desturi za shule za kale. Waliiga. Umenieleza nani kaiga, hujanieleza nani kaanza.

Kendo na Chai
Nawe hujanieleza kwa nini waige kitu kama kilikuwa tangazo la biashara la watu wa fimbo wa Fukuoka.

Sindano
Mimi nilikaa Tokyo. Mtu yeyote aliyepita pale mbele ya vituo vya polisi amemwona askari amesimama na fimbo ndefu wima kama mlinzi wa benki wa kwetu. Ile inatokana na jo. Shimizu Takaji, mtu wa Fukuoka, alihamia Tokyo akafundisha polisi kuanzia miaka ya 1930, na kutokana na kazi hiyo askari wana mtindo wao wa fimbo mpaka leo.

Hapo ndipo jibu lilipo kwa maoni yangu. Jo ni silaha ya mlinzi. Mwenye upanga ni mhalifu, au samurai aliyelewa, au mtu aliyechanganyikiwa. Kazi yako ni kumzuia bila kummaliza. Ndiyo maana upanga huanza na fimbo husubiri. Tazameni kata ya Tsukizue: shidachi amesimama kaegemeza fimbo chini kama mzee na mkongojo wake, hana habari na mtu, mpaka anapokatwa kichwani, ndipo anatoka njiani na kugonga mkono ulioshika upanga. Tazameni pia zilizoambatana na ryu hii: jutte, kile chuma cha askari wa enzi za Edo (karne ya 17 hadi 19) cha kunasia upanga, na kufunga mtu kamba. Hayo ni mambo ya kukamata watu. Kuna na shairi lao la zamani, maana yake bila kumjeruhi mtu umwadhibu na kumwonya, na kwamba funzo la namna hiyo huwezi kulipata nje ya jo.

Dada wa Leipzig
Shairi zuri, lakini kata ukizifanya zinasema mengine. Kusukumia fimbo chembe ya moyo, kupiga pembeni ya kichwa, kulenga macho. Mtu ukimchoma hivyo kwa nguvu kamili kwa fimbo ya kashi hufungi kamba, unachimba kaburi. Na lipo shairi la pili linalosema ukichoma ni mkuki, ukifagia ni naginata (upanga wenye mpini mrefu), ukishika ni upanga. Hilo halina upole wowote. Fimbo ya polisi ni kazi ya karne ya 20. Msiirudishe nyuma miaka mia tatu.

Sindano
Dada, jutte na kamba navyo ni vya karne ya 20?

Dada wa Leipzig
Viliambatanishwa. Ni ryu nyingine zilizohifadhiwa pamoja na hii. Hata fimbo fupi ya kutembelea imo, ile ya Uchida Ryogoro, alipoona mabwana wa zama za Meiji (mwisho wa karne ya 19) wanatembea na bakora za Kizungu. Utasema na hiyo ilikuwa ya kukamatia samurai walevi?

Ngoma Droo
Uzi umepata moto. Nani ana kashata?

Mzee wa Gati
Mimi ni mtu wa Lamu, hayo majina yenu siyawezi. Ila fimbo naijua. Kwetu kuna kirumbizi: zumari inalia, ngoma zinalia, wawili wanaingia uwanjani na bakora. Kijana akija na hasira anaonekana tangu hajafika kati. Na mzee anayejua mchezo hamkomeshi kijana mbele za watu, anampa nafasi aonekane. Huenda Wajapani nao wana haya hiyo hiyo.

Mtemi wa Kando
Asante mzee wangu. Ndiyo hoja yangu ya mwanzo hiyo, naona nimepata mtu.

Dada wa Leipzig
Shikamoo mzee. Kirumbizi kinachezwa mbele za watu, kuna wa kumwonea mtu haya. Kwenye dojo hakuna watazamaji wala zumari, ni kelele zetu tu: "Ei!" ukipiga na "Ho!" ukichoma. Mwalimu wangu akinipa nafasi ya kuonekana, anionyeshe kwa nani? Kwa ukuta?

Mzee wa Gati
Marahaba mwanangu. Kwake mwenyewe.

Mwanajudo
Nawasoma tu tangu juzi. Mimi ni wa judo, na hapa kuna jambo hamjaligusa. Kwetu mdogo ndiye anayeanguka. Mwalimu akitaka kuonyesha mtupo anaita mwanafunzi, anamtupa. Aikido vivyo hivyo, mwalimu anatupa, hata akishika fimbo anayeanguka ni mwanafunzi. Wote ni Wajapani, wote wana adabu, wote wana hekalu ndogo ukutani. Kama sababu ni adabu, mbona adabu ya aikido inaelekea upande mwingine?

Mimi nasema ni usalama. Mtu mpya anayetupwa hatari iko kwake mwenyewe, mwalimu anaidhibiti. Mtu mpya anayeshambulia kwa upanga, hatari iko kwa mwenzake. Basi mpe mpya ile kazi ambayo akikosea anaumia mkongwe, na mkongwe anajua kuumia kidogo.

Daktari Miwa
Mwanajudo kasema vizuri ila mshindwa ndiye anayekula mapigo. Hikiotoshi ikipigwa na mtu mwenye mabega magumu, mtetemo unapanda mpaka kwenye kiwiko cha mwenye bokuto. Mtemi, mwalimu wako wa mvi anavumilia viwiko vyako kila jioni. Mnunulie dawa ya kuchua. Na wewe magoti yako yakoje na kule kukaa seiza, kupiga magoti na kukalia visigino, kwenye mbao?

Mtemi wa Kando
Daktari, usinikumbushe. Wakati wa kusalimiana mwisho wa mazoezi mimi huinuka kwa awamu. Miguu inakuwa ya mtu mwingine kabisa.

Kipa Mstaafu
Nimerudi. Mmeandika kurasa nzima hakuna aliyenijibu. Penalti ya kupanga ni penalti ya kupanga.

Kendo na Chai
Kipa, wewe ulikuwa golini. Kocha wa makipa alikuwa anakupigia mashuti mazoezini, moja kulia, moja kushoto, tena anakutajia upande. Ukidaka, kocha kashindwa?

Kipa Mstaafu
Sawa, nimekupa hiyo. Lakini Jumamosi kulikuwa na mechi, na huko hakuna aliyenitajia upande. Nyinyi mechi yenu iko wapi?

Dada wa Leipzig
Mashindano yapo. Shirikisho la Kendo la Japani lilitengeneza kata 12 za pamoja za jodo, yaani sanaa ya jo, mwaka 1968, nyingi zikitoka humo humo Shinto Muso-ryu, ili wenye dojo mbalimbali wapimwe kwa kitu kimoja. Ulaya tunashindana kwa hizo. Jozi mbili zinaingia uwanjani, zinafanya kata zile zile bega kwa bega, waamuzi wananyanyua bendera nyekundu au nyeupe kwa jozi iliyo bora.

Kipa Mstaafu
Ngoja. Kwa hiyo kwenye mashindano nako upanga unashindwa pande zote mbili, halafu bendera inatolewa kwa aliyemshinda mwenzake aliyekubali kushindwa vizuri zaidi?

Ngoma Droo
Hahaha, Dada, hapo umempa mpira kwenye mstari.

Dada wa Leipzig
Cheka, lakini ukitazama waamuzi wazuri utaona macho yao yako kwa uchidachi nusu ya muda. Akikata kwa uongo, jozi nzima inaonekana ya uongo. Kushindwa kwa uongo kunaonekana kutoka mlangoni.

Wa Narita
Nimechelewa kuuona uzi. Niliwahi kufanya kazi Chiba na nikapata bahati ya kujifunza kidogo Katori Shinto-ryu, ile aliyoitaja Karatasi. Ni ya karne ya 15, mwanzilishi Iizasa Choisai Ienao, na mkoa wa Chiba uliitangaza urithi wa utamaduni mwaka 1960. Wao wana kila kitu: upanga, panga mbili, bo, naginata, mkuki. Kata ni ndefu na za haraka, mapigo yanafuatana mpaka pumzi inakata.

Kule mtazamaji hawezi kujua nani kashinda. Panga zinagongana, anaona mmoja kapiga na mwingine kakinga. Lakini mwalimu Otake Risuke, aliyefariki 2021, alikuwa akieleza kwamba pale panapoonekana kukinga, kwa kweli ni kukata: shingo, kifundo cha mkono, chini ya kwapa. Umbali umevutwa nyuma kidogo ili silaha zigongane, mazoezi yaendelee, na mpita njia asiibe siri. Wanaoingia wanakula kiapo cha damu kutotoa mambo nje, kwa hiyo naishia hapo.

Mtemi, wewe unahesabu ushindi kwa kile unachokiona mwishoni. Kuna sehemu katikati ya kata ambapo mwalimu wako angeweza kukumaliza, akaziruka. Akikuonyesha moja tu utalala na mawazo.

Karatasi Nyeupe
Hapo Wa Narita umenikaribia. Lakini kumbuka siri ina faida yake kwa mwenye shule. Ukisema "yako ambayo huyaoni", mwanafunzi hana namna ya kubisha. Atalipa ada mpaka azeeke.

Wa Narita
Karatasi, nenda kajaribu kubisha ukiwa umeshika bo mbele yao, halafu urudi na ripoti.

Kijana wa Njiro
Samahani nawakatiza. Niko Arusha, nimeona video za jo nimependa sana. Naweza kujifunza mwenyewe? Na fimbo natoa wapi, kashi huku hakuna.

Dada wa Leipzig
Mapigo ya msingi ya peke yako yako 12, na hayo mwili unaweza kuanza kuyazoea. Ila bila mtu wa kukukata kichwa utakuwa unacheza ngoma ya peke yako. Anzia judo au karate, walimu wapo, ujue kwanza kusimama.

Sindano
Mimi nasema aanze tu. Hata kupiga honte uchi, moja ya mapigo hayo ya msingi, kushoto na kulia kwa mwaka mzima hakujamwua mtu.

Mjuaji wa Mtaa
Chonga ya mpingo! Mti wetu wenyewe.

Mwanajudo
Mpingo ni mzito kama chuma na bei yake ni ya wachonga vinyago. Ukigonga bokuto ya mwenzio nayo utalipa bokuto. Mwisho wa mambo ni fimbo unayoitelezesha mikononi, ikiwa na kibanzi kimoja tu umekwisha.

Mtemi wa Kando
Wakuu, narudi na habari. Nilimpelekea mwalimu maelezo yenu kwa ufupi, na Kijapani changu cha kuokoteza. Historia alikubali kwa kichwa. Polisi alikubali. Usalama alikubali. Ya Wa Narita alicheka. Halafu akanipa bokuto.

Nikapangwa na binti wa sekondari ambaye ameanza jo akiwa mtoto. Kata ya Tachiotoshi, ya kwanza kabisa, ninayoijua usingizini upande wa jo. Wakuu, upande wa upanga ni nchi nyingine. Nikikaribia mno, mwalimu ananirudisha. Nikisita, ananirudisha. Nikikata huku nawazia ile fimbo itakayonijia mkononi, mabega yanapanda, ananirudisha. Yule binti alikuwa ananingojea tu kama anangoja basi. Hikiotoshi yake ilipogusa ubavu wa upanga sikusikia kishindo, nilishangaa tu mikono yangu iko nyuma ya nyonga na fimbo iko chembe ya moyo.

Kwa hiyo usalama naukubali, umbali naukubali. Lakini ile ya kutiwa moyo siiachi, maana alipomaliza kunipiga binti aliniambia nimeshambulia vizuri, na nilifurahi usiku kucha.

Dada wa Leipzig
Alisema vizuri au alisema asante? Kijapani changu nacho ni cha kuokoteza, lakini ile ni salamu ya kawaida kwa uchidachi yeyote.

Mtemi wa Kando
Dada, niachie hata hiyo.

Kipa Mstaafu
Kwa hiyo sasa anashindwa mwalimu, na mwanafunzi naye anashindwa, na mechi bado hatujaiona.

Kendo na Chai
Njoo kwenye kendo Kipa, huko tunapigana kweli kwa mianzi, na barakoa utavaa.

Kipa Mstaafu
Barakoa ya nini tena, si mmesema mwenye silaha ya Kijapani siku zote anajua kusimamisha?

Kijana wa Njiro
Swali langu la mti lilipotea. Mninga je? Au mkwaju?

Mzee wa Gati
Mkwaju, mwanangu. Uukate ungali na unyevu kidogo, uuanike kivulini, usiuweke juani utapinda. Bakora za kwetu za zamani nyingi ni hizo. Urefu ulisema ngapi?

Mjuaji wa Mtaa
180.

Karatasi Nyeupe
128!!!